Kamera yangu imeanza kuwachosha watu wa nyumbani: nifanyeje?

Swali: Baba wa Watatu

Ndugu zangu wapenda picha, naomba ushauri wenu juu ya jambo linalonisumbua kwa muda sasa. Mimi si mpigapicha wa kulipwa. Nina kazi yangu nyingine, na kamera niliinunua ili watoto wangu wapate kumbukumbu bora kuliko picha za harakaharaka tunazopiga kwa simu. Kadiri nilivyojifunza ndivyo mapenzi yalivyozidi, na siku hizi naona jioni haijakamilika kama kamera haiko karibu na mkono wangu. Kifungua mimba wangu ni binti wa miaka 13, anayemfuata ni mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba ana miaka 4.

Shida ni kwamba wenyewe wameanza kuchoka. Binti akiisikia kamera ikiwashwa huinua kiganja mbele ya uso hata kabla sijamlenga. Mvulana hufanya kinyume chake: anaacha alichokuwa akikifanya, anakaza mabega na kutoa tabasamu la meno yote ambalo hana wakati mwingine wowote. Huyu mdogo hajali lolote, ila hatulii, kwa hiyo katika picha zake nyingi mikono na miguu ni ukungu mtupu. Juma lililopita mama yao aliniambia, kwa upole, kwamba mtu akizipitia picha zetu zote atadhani nyumba hii haina baba, na kwamba ziko jioni ambazo anatamani kuzungumza nami lakini anajikuta anazungumza na lenzi. Maneno hayo yameniingia.

Sitaki kuacha kupiga picha, kwa maana naamini kwa dhati kwamba ninachowawekea watoto hawa watakuja kukihitaji. Ninachotaka ni kujua namna ya kuendelea bila kuigeuza sebule kuwa studio. Ninatumia kamera yenye kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga) cha ukubwa wa kati uitwao APS-C, pamoja na lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 18 hadi 55, ambayo tundu lake la kuingizia mwanga ni f/3.5 ikiwa pana na f/5.6 ikivutwa hadi mwisho (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Usiku tuna taa moja tu ya dari, na flashi hakuna anayeipenda. Je, nianze na kifaa au nianze na mwenendo wangu? Na ninyi wenye familia mnafanyaje?

Mfuata Mwanga

Ndugu Baba wa Watatu, nitakujibu upande wa kifaa kwanza, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya uchovu wa watu wako inatokana na muda unaotumia kuipata picha moja. Mwanga ukiwa hafifu na tundu la lenzi likiwa dogo, mpigapicha hulazimika kuwaomba watu watulie, kuangalia kioo cha kamera, kurekebisha na kurudia, na kila anaporudia, jambo lililokuwa likitokea lenyewe linageuka kuwa igizo. Ukiweza kuipata picha kwa kufumba na kufumbua, kisha ukaiweka kamera chini, utaona ukinzani wao unapungua.

Mtoto anayetembea ndani ya nyumba huhitaji kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya 1/250 ya sekunde hivi ili asitoke ukungu. Akikimbia au kuruka, 1/500 ni salama zaidi, na mtu aliyeketi akizungumza hutosheka na 1/125. Sasa katika sebule yenye taa moja, ukitumia f/5.6 na kasi ya 1/250, kamera mara nyingi itakudai ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kihisi kwa mwanga, ya 12800 hivi, na kwa kihisi cha ukubwa wa chako chembechembe kwenye picha zitaanza kula ngozi na nywele. Lenzi isiyovutika yenye tundu la f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya ule wa f/5.6, kwa hiyo ile ISO ya 12800 inashuka hadi karibu 1300. Hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayokupa tofauti ya namna hiyo.

Kwa kihisi chako ningechagua milimita 35 kuliko 50. Kamera nyingi za APS-C hubana upeo wa lenzi kwa kipimo cha 1.5, kwa hiyo milimita 35 huona kama 52 za kihisi kikubwa, ilhali 50 huona kama 75, na ndani ya chumba hiyo itakurudisha nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Lakini fahamu kwamba tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayoonekana bayana ni nyembamba. Ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa mtoto na kutumia milimita 35 kwa f/1.8, kina kinachotoka bayana ni sentimita 13 hivi tu, kutoka mbele hadi nyuma. Kwa mtoto mmoja panatosha, mradi umelenga jicho. Kwa wawili walioketi mmoja mbele kidogo ya mwenzake, punguza tundu hadi f/2.8 au f/4.

Kisha iache kamera ifanye kazi zake. Chagua tundu wewe mwenyewe, ruhusu kamera ijipangie ISO hadi kikomo cha 6400, na uiagize isishuke chini ya kasi ya 1/250. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zina mpangilio huo ndani ya menyu ya ISO. Baada ya hapo kilichobaki kwako ni kulenga na kubonyeza.

Kuhusu flashi, hata mimi singeitumia, kwa sababu huua mwanga wa chumba na kumshtua kila mtu. Badala yake sogeza taa. Ukipunguza umbali kati ya taa ndogo na uso kutoka mita mbili hadi mita moja, mwanga unaoufikia uso huo huwa mara nne ya ule wa awali. Mvulana wako akiwa anafanya kazi za shule, mwekee taa ya mezani ubavuni: yeye atapata mwanga wa kusomea na wewe utapata mwanga wa upande, ambao ni mzuri kuliko ule wa dari unaoangusha vivuli ndani ya macho. Mchana dirisha linakutosha, ila zima taa za ndani. Balbu nyingi za nyumbani zina joto la rangi la kelvini 2700 hadi 3000, na mwanga wa mchana ni kama 5500 au zaidi, kwa hiyo ukivichanganya viwili hivyo shavu moja litatoka la rangi ya chungwa na jingine la buluu.

Mke wa Mpigapicha

Nimelisoma jibu la Mfuata Mwanga kwa makini na hesabu zake sina shaka nazo, ila naona halijagusa kile alichokisema mama watoto. Mume wangu ni mpigapicha wa kujifurahisha kama wewe, kaka, na lenzi za f/1.8 anazo. Mwanamke anayesema kwamba anazungumza na lenzi hatatulizwa na lenzi bora. Anataka kujua ni lini utakuwepo.

Kwetu sisi kilichosaidia ni kukubaliana juu ya nyakati. Ziko nyakati ambazo kamera hubaki kabatini bila mjadala: mtu akilia, akiugua, akibadili nguo, watu wakigombana, na sote tukiwa mezani. Hatukuziandika popote, tulizizungumza tu, na watoto walipewa nafasi ya kuongeza zao. Wakati mwingine wowote mume wangu yuko huru, ila ana desturi moja ambayo ndiyo iliyobadilisha mambo kuliko zote. Hupiga dakika chache za mwanzo, wakati mchezo au mazungumzo yanaposhika kasi, kisha anaizima kamera, anaifunika lenzi kwa kifuniko chake na kuiweka mahali ambapo haifikii kwa mkono. Mlio ule mdogo wa kifuniko kikijibana watoto wanaujua. Mdogo wetu hata akiwa amempa mgongo hugeuka na kumwita waanze kucheza.

Jambo la pili ni hilo la wewe kutoonekana. Mpe mwenzako kamera ikiwa imeshapangwa kama Mfuata Mwanga alivyoeleza, halafu nenda ukakae na watoto na usimwelekeze jinsi ya kupanga picha. Namwomba kila baba na mama anayepiga picha alichukulie hili kwa uzito, kwa maana nimeona kwa wenzetu: mzazi mmoja hutoweka katika albamu nzima ya utoto wa wanawe kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa hodari wa kamera. Picha ambayo mkeo ataipiga ikainama upande kidogo, wewe ukiwa sakafuni na kitinda mimba juu ya tumbo lako, watoto wako wataithamini. Kama hapendi kupiga, tumia stendi ya kamera ya miguu mitatu na ule mpangilio unaopiga picha kila baada ya sekunde kadhaa. Baada ya muda watu huisahau kamera, nawe unakuwa ndani ya picha pamoja nao.

Na la tatu ni binti. Miaka 13 ni umri wa mtu kuanza kuulinda uso wake, na ni haki yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unamtambua mtoto kuwa na haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na kifungu cha 16 kinalinda faragha yake. Mkataba huo unazifunga serikali, lakini sioni kwa nini maana yake isikae sebuleni mwetu. Kiganja mbele ya uso ni maoni. Ningemwambia waziwazi kwamba anaruhusiwa kukataa bila kueleza sababu, kwamba ataziona picha zake kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwamba hakuna itakayotoka nje ya nyumba bila ridhaa yake. Hapo kuwe na uangalifu pia wa kiufundi, kwa sababu simu, na baadhi ya kamera, huandika ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigwa kama huduma ya mahali imewashwa. Picha ya mtoto mlangoni mwa nyumba inaweza kumpelekea mtu usiyemjua anwani yenu.

Mfuata Mwanga

Dada, nakubaliana nawe juu ya faragha na juu ya baba kuonekana, na desturi ya kifuniko cha lenzi nitaichukua. Pale ninaposita ni kwenye kuomba ruhusa. Picha ambazo sisi wapigapicha tunazipenda ni zile ambazo mtu hakujiandaa, na ukimuuliza mtoto kabla ya kila picha utapata lile lile tabasamu la meno yote ambalo ndugu yetu analilalamikia. Pengine ruhusa iombwe mara moja kwa jumla, wakati kamera iko mezani na hakuna anayepigwa, kisha baada ya picha binti apewe haki ya kufuta asizozipenda, bila baba kumsihi abakize. Hivyo anakuwa na neno la mwisho, na wakati wenyewe hauvurugwi.

Kuhusu mvulana, mtu akikaza mabega namna hiyo aghalabu ni kwa sababu aliwahi kuambiwa atabasamu. Acha kusema neno lolote unapopiga. Akikutazama, mrudishie macho juu ya kamera, jibu anachokuuliza, piga baadaye. Shuka pia hadi usawa wa macho yake badala ya kumwinamia.

Mwalimu Mstaafu

Nimefurahi kuona mjadala unaendeshwa kwa heshima, na ningependa kuongeza mambo mawili ambayo nimeyafikiria kwa muda mrefu kama mtu aliyepiga picha za watu wake tangu enzi za filamu.

La kwanza ni kwamba swali hili si geni. Julia Margaret Cameron, Mwingereza ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa wapigapicha wakubwa wa karne ya 19, alipewa kamera yake mwezi Desemba 1863 na binti yake pamoja na mkwewe, akiwa na miaka 48. Ghala la makaa ya mawe alilifanya chumba cha giza cha kusafishia picha, banda la kuku akaligeuza studio, na waliokaa mbele ya lenzi yake walikuwa jamaa, watumishi wa nyumba na majirani, ambao kwa sahani za kioo za wakati huo iliwabidi watulie kwa dakika kadhaa bila kujitikisa. Mlinganishe na Jacques Henri Lartigue, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye baba yake alimpa kamera akingali mtoto mdogo. Yeye aliwapiga kaka yake, binamu zake na jamaa wengine wakiruka, wakikimbia, wakiendesha vigari walivyojitengenezea wenyewe, akazibandika picha hizo katika albamu maisha yake yote. Dunia ilianza kumfahamu vizuri mwaka 1963, zilipoonyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, wakati yeye mwenyewe akikaribia miaka 70.

Nawapenda wote wawili, lakini kwa baba wa watoto watatu namwona Lartigue kuwa ndiye kiongozi mwema zaidi. Picha zake zina uhai kwa sababu aliyezipiga alikuwa mmoja wa wachezaji. Hakusimama kando akisubiri; alijua kaka yake ataruka lini kwa kuwa naye pia alikuwa kwenye mchezo. Ndugu yangu, ukicheza kwanza na kupiga baadaye utajua mwenyewe ni wakati gani unaostahili picha, na utabonyeza mara chache zaidi.

Jambo la pili linahusu kumbukumbu, kwa kuwa umesema ndiyo sababu ya kununua kamera. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu watu waliotembezwa katika jumba la makumbusho. Vitu walivyovipiga picha vikiwa vizima walivikumbuka kwa uchache kuliko vile walivyovitazama tu, lakini walipoisogeza lenzi kwenye sehemu moja ya kitu, upungufu huo haukuonekana. Mwaka 2017 Alixandra Barasch na wenzake walionyesha kwamba watu waliojichagulia wenyewe cha kupiga walikumbuka vizuri zaidi walichokiona, ilhali walichokisikia walikikumbuka kwa uchache. Matokeo hayo ya pili yalinigusa sana, kwa sababu nyumba ya watoto imejaa maneno. Utakumbuka uso wa kitinda mimba wako alipokuwa akishangaa, na utasahau alichokisema.

Kwa hiyo andika. Usiku, baada ya watoto kulala, chukua picha moja ya siku hiyo na uandike maneno yaliyosemwa, kwa matamshi yao wenyewe, pamoja na tarehe na majina ya waliopo. Na picha hizo zisafishe kwenye karatasi, kwa maana picha iliyo ndani ya kompyuta huonwa na mwenye kompyuta peke yake. Chache zilizochujwa kwa moyo mgumu, ndani ya albamu inayokaa mahali ambapo mtoto anaifikia, zitafanya kazi kuliko maelfu yaliyolala. Angalizo moja kwa anayeandika nyuma ya picha: karatasi nyingi za siku hizi zina tabaka la plastiki, penseli haishiki, na kalamu ya wino yenye ncha ngumu huacha alama upande wa mbele. Tumia kalamu laini iliyotengenezwa kwa ajili ya picha na uache wino ukauke kabla ya kuipandanisha na nyingine.

Baba wa Watatu

Ndugu zangu, nawashukuru kutoka moyoni. Niliyasoma majibu yenu pamoja na mke wangu, na tumekubaliana nyakati za kamera kubaki kabatini. Yeye ameongeza saa ya kwanza baada ya mimi kurudi kazini, na nimeona ana haki. Binti nilimpa masharti kama mlivyoshauri, yaani anaweza kukataa na anaweza kufuta. Alinisikiliza, kisha akaweka sharti lake mwenyewe: kwamba naye aruhusiwe kuishika kamera. Tangu hapo amekuwa akimpiga mdogo wake, na nimeona kitu ambacho sikukitarajia, kwamba mvulana mbele ya dada yake hakazi mabega hata kidogo.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Ili kupunguza usumbufu nilijaribu shata ya kielektroniki isiyo na mlio, lakini chini ya taa yetu ya dari picha zinatoka na mistari ya giza iliyolala, mmoja juu ya mwingine. Pili, Mwalimu amesema nichuje kwa moyo mgumu, na mimi nina maelfu ya picha ndani ya kompyuta moja. Nianzie wapi, na nifute nini?

Mtoto wa Mpigapicha

Naomba niseme neno juu ya kuchuja, kwa sababu mimi nimekulia upande wa pili wa lenzi. Baba yangu alipiga picha muda wote wa utoto wangu, na sasa sisi watoto wake tumekuwa watu wazima na albamu zake tunazo sisi.

Nakubaliana na Mwalimu kwamba albamu iwe na picha chache, lakini namsihi baba asifute kwa kutumia macho ya leo. Zile ambazo baba aliziona kuwa bora, tumepangwa mstari na nguo safi, tunazipita haraka. Tunachokitafuta kiko pembeni na nyuma. Kuna picha ambayo aliyelengwa ni mdogo wangu, lakini nyuma yake mama yupo kwenye cherehani amekunja shingo, amezama katika ushonaji, uzi ameubana kwa midomo, na kando yake kiko kiti cha mbao chenye mguu uliofungwa kwa waya ambacho sote tulikuwa tumekisahau. Kuna nyingine ambayo mama ametikisika kabisa kwa kicheko, hata uso hausomeki vizuri, na hiyo ndiyo kila mmoja wetu aliyotaka nakala yake. Kama angekuwa anafuta kila iliyotoka na ukungu tusingekuwa nayo.

Kwa hiyo ningefuta zile zinazofanana tu, ambapo sekunde moja imezaa picha kumi na hakuna kilichobadilika, nikabakiza moja au mbili. Zile ambazo hazikufaulu lakini hazina mwenzake, ziache. Na piga picha za kawaida zaidi: viatu vilivyorundikana mlangoni, daftari lililofunguliwa, mkono wa mwanao wa miaka 4 ukijaribu kufunga kamba ya kiatu, mke wako akiwa anafanya jambo analolifanya kila siku. Siku kubwa zina wapigapicha wengi. Jumanne ya kawaida ina wewe peke yako.

Kuhusu binti yako, sharti alilokuwekea limenifurahisha kuliko yote yaliyosemwa hapa. Mimi nilikuwa nachukia kupigwa picha katika umri wake, na sikumbuki kwamba niliwahi kuulizwa kama ningependa kupiga.

Mfuata Mwanga

Hoja ya Mtoto wa Mpigapicha nimeipokea, nami nitaacha kufuta zile za ukungu zisizo na mwenzake.

Mistari unayoiona inatokana na taa kupepesa. Taa nyingi zinazotumia umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kwa umeme wa hezi 60 ni mara 120, kwa kasi ambayo jicho halitambui. Shata ya kielektroniki husoma kihisi mstari baada ya mstari, kwa hiyo baadhi ya mistari husomwa taa ikiwa na nguvu na mingine ikiwa imefifia. Una njia tatu. Rudi kwenye shata ya kawaida, ambayo kwa kamera nyingi hupunguza mistari hiyo sana. Au tumia kasi inayolingana na kupepesa, yaani 1/100 au 1/50 kwa umeme wa hezi 50, na 1/125 au 1/60 kwa hezi 60, ukikubali kwamba kitinda mimba akikimbia atatoka ukungu. Au badilisha balbu, kwa sababu zipo balbu za LED ambazo mwanga wake ni tulivu. Kabla ya kuinunua, iwashe na uitazame kupitia kamera ya simu iliyowekwa kasi kubwa ya shata: ikipepesa utaiona mistari kwenye kioo. Mimi ningebadilisha balbu ile moja, kwa kuwa pia itawapumzisha wanaosoma chini yake.

Maelfu yaliyomo kwenye kompyuta moja yananitia hofu kuliko mistari. Kabla hujachuja hata picha moja, nunua diski ya nje na uyanakili yote leo. Kanuni inayopendekezwa sana ni nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mbali na nyumba, ili moto, wizi au mafuriko yasiondoke na kila kitu kwa pamoja. Nakala ya mbali inaweza kuwa hifadhi ya intaneti au diski ya pili iliyowekwa kwa ndugu unayemwamini. Diski zote hufa siku moja, kwa hiyo kila mwaka zifungue na uhakikishe faili zinasomeka.

Halafu usianze kuchuja kutoka mwanzo, maana utakata tamaa kabla ya kufika mbali. Anza na mwezi huu, umalize, ndipo urudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Kaa na binti yako katika kazi hiyo kama atapenda. Yeye achague zinazomhusu na wewe uchague nyingine, na mtakapotofautiana juu ya picha yake, neno lake ndilo liwe la mwisho kama mlivyokubaliana. Faili ghafi za RAW, yaani zile ambazo kamera haijazichakata, zibakize kwa zile mnazozipeleka kwenye albamu, kwa sababu hubeba taarifa nyingi zaidi, biti 12 au 14 kwa kila rangi, wakati JPEG, ile faili ya kawaida iliyobanwa, hubeba 8, na miaka ijayo mtakapotaka kusafisha upya kwa ukubwa zaidi mtazihitaji. Kwa zilizobaki JPEG inatosha.